Bati Lililopigwa Pasi

Jumapili, 2 Machi

Leo nimesema mbele ya watu. Na nimesema vizuri. Acha niandike kabla kichwa hakijapoa.

Baada ya ibada tuliteremka wote hadi kanisa la zamani. Ibada siku hizi ziko kwenye jengo jipya kule barabara kuu, lenye vioo na vipaza sauti. La zamani limebaki kuta. Upepo ulibeba paa mwaka juzi, mwaka jana tukasimamisha mbao mpya, uwezo ukaishia hapo. Tumekaa kwenye mabenchi, juu yetu mbao, juu ya mbao mawingu, na njiwa wanatutazama kana kwamba wao ndio kamati.

Mchungaji kaleta neno kutoka makao makuu. Jengo tunapewa, kijiji kizima, tulitumie: chekechea asubuhi, darasa la kushona mchana, mikutano jioni. Lakini! Liwe limeezekwa kabla mwezi huu haujaisha. Mjumbe wao atakuja kuangalia. Akikuta anga, kuta zinabomolewa na mawe yanakwenda kujenga uzio wa kanisa jipya.

Uzio. Mawe waliyoyabeba babu zetu kichwani, yakalinde magari.

Chekechea wanasomea kwenye ghala la mbolea, watoto wanarudi nyumbani wananuka kama shamba lililotifuliwa jana. Kila mtu analijua hilo. Ila likitajwa bati, kila mtu anaangalia viatu vyake.

Nikasimama mimi. Nikasema, jamani, bati moja linamshinda nani? Kila nyumba ilete bati moja. Nyumba zipo, basi paa lipo. Makofi! Mwenyekiti — mwalimu mstaafu, mtu mgumu wa kusifu — akasema hilo ni wazo. Ndivyo alivyosema: hilo ni wazo.

Kisha akauliza nani ataezeka. Fundi Taratibu akaanza kukohoa kile kikohozi chake cha kutaja bei. Ameezeka nusu ya kijiji, na nusu ya nusu hiyo bado anaimalizia. Nikamkata hapohapo. Nikasema, binti yangu ataezeka. Injinia. Bila malipo.

Maneno yalinitoka kama mtama kwenye gunia lililotoboka.

Njiani baba watoto anasukuma baiskeli. Tulipofika mlangoni ndipo akauliza: "Umemwuliza mtoto?"

Mwanamume huyu anatengeneza baiskeli za watu kutwa nzima, maneno yake ya siku hayajazi kikombe, na yote anayamwagia mahali pamoja.

Jumatatu, 3 Machi

Nimempigia. Amecheka mpaka simu ikakwaruza. "Mama, nimekuomba mara ngapi usiniite injinia? Mimi ni fundi wa kuezeka. Nina cheti cha kuezeka." Nikamwambia kwani injinia ana pembe? Anayepanda juu ya ghorofa na kushuka na miguu yake yote miwili, huyo kwangu ni injinia.

Atakuja! Kazi yao ya sasa inaisha katikati ya mwezi, halafu ana mapumziko. Mapumziko yake yote anatupa sisi. Mwana wa kuzaa huyo.

Akauliza mabati ni ya aina gani. Nikamwambia ni ya bati, mwanangu, kuna bati la mbao? Akasema, "Mama, subiri, namaanisha —" simu ikakatika. Basi. Mambo yote sawa.

Jumatano, 5 Machi

Bati la kwanza limefika: la Mwenyekiti. La mawimbi madogo madogo, linang'aa. Kaandika jina la nyumba yake kwa rangi nyeupe, upande wa chini. Nikauliza kwa nini chini. Akasema juu atasoma nani, njiwa? Chini, ukikaa unainua macho, unajiona.

Kufika mchana kijiji kizima kinatafuta rangi nyeupe na brashi. Jirani yangu Redio — tunamwita hivyo maana habari kwake hazilali njaa — kasema lake litakuwa jekundu, lenye umbo la vigae, watu waone. Alinitazama aliposema "watu".

Tutaona.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenunua!

Nilikwenda mwenyewe duka la vifaa vya ujenzi. Pesa ni jasho la sare za kwaya nilizoshona, kila shati nalijua kwa jina la tumbo lililolijaza. Mabati yamesimama ukutani: ya mawimbi, ya migongo mipana, ya vigae kama la Redio. Yote yamekunjamana. Mimi ni fundi cherehani. Miaka yote nawaambia wasichana wangu wa kushona, nguo yenye makunyanzi haiingii kanisani. Sasa bati lenye makunyanzi ndilo liingie?

Pale pembeni nikaliona. La bluu. Laini, bapa, limeviringishwa kama jora la kitambaa. Unaona uso wako ndani. Nikasema, hili. Muuzaji akauliza la kazi gani. La kuezekea. Akasema, mama, wengi huchukua haya ya migongo. Nikamwambia wengi ni wengi, mimi ni mimi. Nikatie refu, baba, kutoka kileleni mwa paa mpaka ukingoni. Akainua mabega, akakata.

Bei siandiki. Baba watoto huwa anafungua daftari hili akitafuta kipimo cha suruali yake.

Redio alipoliona alilipapasa kwa kiganja, akasema, "Mh." Redio, kuishiwa maneno! Nikamwambia, shoga, hili limepigwa pasi.

Jina letu nimeliandika kubwa, kutoka ncha mpaka ncha.

Jumapili, 9 Machi

Leo kijiji kimepiga kelele ambazo hata upepo ulioondoa paa haukuzipiga.

Tulikubaliana kila nyumba ibebe bati lake kwa miguu mpaka kanisa la zamani. Basi, mabati kichwani, mabati mabegani, mabati yamebebwa na watu wawili wawili wasiosalimiana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba — leo hatua zao moja, maana ukikosea hatua bati linakupiga shingo. Kwaya walianza wimbo, mabati yakawazidi, wakaacha wakacheka. Mbwa wa Mwenyekiti alikimbia na hajarudi.

Mume wa Redio mbele kabisa na jekundu lao, kama mhudumu wa hoteli amebeba sinia. Sisi nyuma yake, mimi na baba watoto, la bluu limewekwa juu ya baiskeli mbili. Jua lilipolipiga, watu upande wa pili wa bonde walikinga macho. Siongezi chumvi. Au naongeza kidogo tu.

Wa mwisho alikuwa Bibi wa Kona. Mjane, anaishi peke yake pale njia inapopinda. Kalitoa bati juu ya jiko lake mwenyewe. Jeusi kwa moshi, matundu ya misumari kila mahali. Mwenyekiti akamwinamia kwa adabu, akamwambia bibi, wewe hatukukudai. Bibi akamwambia, "Mwanangu, hili matundu yake nayajua yote. Wewe lako jipya, matundu yake bado hujaonyeshwa."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Bati la bibi likawekwa juu ya rundo, heshima yake.

Fundi Taratibu alisimama kando, mikono nyuma, anatazama bati moja moja linavyopita, anatabasamu peke yake. Nikafikiri furaha ya watu imemgusa. Nikamsamehe yote.

Alhamisi, 13 Machi

Nyumba zote zimeleta isipokuwa mbili, na hizo mbili tunazijua. Moja imeahidi misumari.

Nimetandika kitanda cha Injinia. Baba watoto amekitandua, akakitandika upya. Anasema nimeacha mikunjo.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja. Kanenepa kidogo, namshukuru Mungu. Buti, mkanda wa zana kiunoni, ngazi ya kukunja begani. Chai hakumaliza. Kasema, "Mama, twende nikaone mzigo."

Tulikwenda, na nyuma yetu nusu ya kijiji. Nilitembea polepole makusudi, waone vizuri.

Akatazama mbao za paa, akagongagonga, akasema waliosimamisha hizi walikuwa watu. Akalifuata rundo. Akatoa bati la Mwenyekiti, akalilaza chini. Akachukua la pili, akalilaza juu ya ukingo wa la kwanza. Likagoma. Likakaa kama mtu aliyekalia mwiba. Akachukua la tatu. La nne. Halafu akaketi juu ya rundo, akajifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika.

Nikamnong'oneza Redio: ameguswa.

Alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka.

Akanieleza taratibu, kama mimi ndiye mtoto. Bati halikai peke yake. Kila moja linalalia ukingo wa mwenzake, mgongo juu ya mgongo, ndipo maji yanapita juu yasipite chini. Kwa hiyo paa zima hununuliwa la aina moja, mahali pamoja. Sisi tumeleta kila mtu mapenzi yake. Mawimbi hayalalii vigae. Vigae havilalii migongo mipana. "Mama," akasema, "hapa hamkuleta paa. Mmeleta majina."

Nikauliza, na letu la bluu?

Akalitazama. Akanitazama. Akasema tutaongea.

Jumapili, 16 Machi

Mkutano. Sitaki kuuandika lakini nitauandika.

Mwenyekiti alikwishatuma mtu dukani kuuliza kama watatubadilishia, tupewe ya aina moja. Jibu: bati lililoandikwa jina la mtu nimuuzie nani? Redio akauliza kwa sauti, huku anatazama dirishani, aliyetoa lile wazo yuko wapi leo. Watu wote wakageuka kwangu. Mimi nikawa naangalia viatu vyangu. Vizuri, lakini si vya kuangaliwa kiasi hicho.

Fundi Taratibu akasimama. Kasema mabati ni kama meno, la juu lisipolijua la chini hakuna kutafuna. Kasema aliliona jambo hili siku ile ile ya maandamano. Mwenyekiti akamuuliza mbona hukusema. "Nani aliniuliza? Niliambiwa yupo injinia."

Neno hilo lilinipata hapa, chini ya titi.

Wengine wakaanza kusema basi, tuwaachie mawe yao, mwezi unakwenda. Mama mmoja wa chekechea akainuka kuondoka, mtoto mgongoni. Hapo binti yangu akasema — bila kupaza sauti, sijui alirithi kwa nani — naomba siku moja, na uwanja wa mpira.

Fundi Taratibu akamfuata nje. Nilikuwa nyuma ya mlango, sikujificha, nilikuwa nimesimama tu. Akamwambia, "Mwanangu, mimi paa likivuja watasema mzee kachoka. Wewe likivuja watasema mwanamke. Hakuna atakayekuita tena huku kwetu. Fikiri."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumatatu, 17 Machi

Mazoezi ya mpira hayakuwepo. Mlinda mlango na wenzake walibeba mabati mpaka uwanjani, binti akawa anaonyesha kidole: hili huku, hili kule. Mwisho uwanja mzima ukang'aa. Goli moja mawimbi, katikati migongo mipana, goli la pili vigae. Mafungu matatu. Mengine yalikuwa na mapacha wake kumbe, watu wamenunua sawa bila kuambiana! Mwenyekiti kakutana na bati la adui yake wa mpaka wa shamba, ni aina moja kabisa na lake, lazima yalaliane. Alikuna kichwa, akasema Mungu naye ana utani.

La Bibi wa Kona liliingia kwenye mawimbi. Kila tundu binti alilitia msumari wake na kipande cha mpira wa tairi chini yake. Tairi la baba watoto.

Mchana akaja chumbani kwangu cha kushonea, akakaa chini, mgongo kwenye mguu wa cherehani. Hapo hapo alipokuwa akikaa akiwa mdogo, anaokota vipande. Nilikuwa na sketi ya kwaya, kitambaa kizito juu, chepesi chini. Akauliza, "Vitambaa visipokubaliana unafanyaje?"

Nikamwambia hilo nalo swali? Huvishoni pamoja, vitavutana. Unapitisha utepe kwa chini, hiki kinashonwa kwenye utepe na kile kinashonwa kwenye utepe. Kila mmoja anajua utepe, hakuna anayemjua mwenzake.

Akasema, "Ndivyo nitakavyofanya. Nililijua tangu jana, nilitaka tu kukusikia ukilisema." Mafungu matatu, mishono miwili kila upande wa paa. Chini ya kila mshono unalala ukanda wa bati, kingo zimekunjwa juu, maji yakipenya yanaangukia humo yanateremka mpaka nje.

Kichwa kikanivimba. Basi uinjinia wote huo umetoka chini ya cherehani yangu!

Akaokota kipande cha kitambaa sakafuni. Halafu: "Ila ukanda unataka bati bapa, Mama. Lisilo na mgongo hata mmoja. Kijiji kizima lipo moja tu."

Nikauliza bati langu limekosa nini.

"Halijakosa. Ila si la kuezekea. La aina hiyo ndilo hutengenezewa mifereji."

Nikakanyaga pedali. Cherehani ndiyo iliyokuwa ikijibu.

Jumanne, 18 Machi

Sikulala vizuri. Jina letu, kutoka ncha mpaka ncha, likatwe likawe vipande chini ya majina ya watu. Redio atasema nini?

Asubuhi nimemwambia baba watoto kwamba pengine atafutwe mwingine mwenye bati bapa. Alikuwa anaziba tundu kwenye tairi. Hakuinua kichwa. Akasema: "Kitambaa hakimvishi mtu mpaka kikatwe."

Kikombe kimoja cha maneno kwa siku! Na anakimwaga hapo.

Nimekwenda na chaki yangu na rula ndefu. Nimemwambia binti, wewe kata, lakini mistari nachora mimi. Hakuna fundi mwingine atakayechora kitambaa changu. Nikapiga mistari mitatu kwa urefu, imenyooka. Mikasi yake ya bati ikapita juu ya chaki. Vipande vinne. Sauti yake ni ile ile ya nguo nzuri, tofauti ni kwamba hii inauma meno.

Herufi zimekatika katikati zote. Hakuna hata moja nzima.

Redio alikuwepo. Alikuja akashika upande wa pili wa ukanda ili usijikunje. Tulipomaliza akasema, "Shoga, hata vipande vyake vimepigwa pasi."

Jumamosi, 22 Machi

Mikono inauma, naandika kwa ufupi. Upande wa mashariki umekwisha! Wasichana wangu wa kushona wanachambua misumari. Mume wa Redio anavuta mabati kwa kamba. Binti yuko juu kutoka asubuhi, ananitia hofu anavyotembea huko kama yuko sebuleni. Nimemwambia shikilia kitu. Akasema, "Nimeshikilia nyundo."

Fundi Taratibu alikuja kutazama. Alitazama akiwa chini. Akatazama akiwa katikati ya ngazi. Baadaye namwona juu, amekaa kilele cha paa, anampa binti misumari na kumwonyesha wapi mbao imepinda. Jioni alishuka akaniambia, "Mama Injinia, mwanao ana haraka." Nikamwambia wewe ulizoea nini? Akacheka kikohozi chake.

Ila mishono ile hakuisifu. Kasema ni kitu hajawahi kukiona, na paa si la kuhukumiwa na jua.

Alhamisi, 27 Machi

Limekwisha. Paa lote!

Kwa nje ni la ajabu: fedha, kijivu, jekundu, mistari minene mitatu kama kitenge. Mchungaji kasema litaonekana toka mbali. Kwa ndani ni majina matupu, ukilala chali kwenye benchi unasoma kijiji. Watu wameingia leo kila mtu anatafuta lake. Bibi wa Kona hajui kusoma, ila alilitambua lake kwa weusi. Akakaa chini yake, akasema hapa ndipo jikoni.

Na letu? Lipo. Ukisimama chini ya mshono ukatazama juu, kati ya mbao na mbao, kuna utepe wa bluu, na juu yake mikia ya herufi. Nusu ya hii, tumbo la ile. Mimi peke yangu ndiye ninayeweza kulisoma. Nimelisoma mara kadhaa.

Tatizo ni hili. Mvua haijanyesha. Mawingu yamefika, yamekaa tu, yanatusengenya. Redio — maana shoga ni shoga lakini redio ni redio — ametangaza kwamba ule mshono ukivuja utavuja mbele ya mjumbe. Usiku nimemsikia binti anageuka kitandani.

Jumamosi, 29 Machi

Naandikia humu humu ndani, daftari gotini. Atakayeniona atafikiri naandika vipimo.

Mjumbe amekuja. Mwembamba, suti ya kijivu, begi la ngozi mapajani. Kashuka garini akatazama paa kwa muda, akamuuliza Mwenyekiti rangi hizo maana yake nini. Mwenyekiti akamwambia maana yake ni watu. Nilimpenda kwa jibu hilo. Kaingia, kapiga hodi kwenye kuta, kaona ubao wa chekechea umeshatundikwa, kaona cherehani zangu mbili pembeni. Kasema vizuri, vizuri. Tumempa kiti mbele, chai na mkate. Hotuba zikaanza.

Na ndipo nikaona. Kila familia imekaa chini ya bati lake, jina juu ya kichwa, raha mstarehe. Mabenchi na viti tulivyobeba nyumbani vimejaa. Ila chini ya mishono miwili — patupu. Njia mbili zimenyooka toka ukuta mpaka ukuta, hakuna mtu. Wamejibana huku na huku, watoto mapajani, mtu na adui yake bega kwa bega, ili tu wasikae hapo. Mjumbe naye ameona. Amemuuliza Mchungaji mbona mmekaa mafungu matatu. Mchungaji akanywa chai.

Binti yangu amesimama mlangoni, mkono kwenye ngazi. Haangalii juu. Anaangalia zile njia mbili.

Halafu tone la kwanza. Juu ya bati jipya tone moja linasikika kama mtu kadondosha kijiko. La pili. Mwenyekiti amekatiza hotuba katikati ya neno "maendeleo". Vichwa vyote juu. Mjumbe amefunika kikombe chake kwa mkono.

Nimevaa gauni jipya. Hariri, la rangi ya maziwa, tone moja likiliangukia linabaki na alama milele. Nimelipiga pasi asubuhi mara mbili.

Nimebeba kiti changu. Nimekiweka katikati ya njia, chini ya mshono, pale pale kwenye tumbo la ile herufi yetu. Nimekaa. Nimenyoosha gauni magotini. Redio kanionyesha kwa macho: umerukwa? Nimemwashiria kwa kichwa: njoo.

Baba watoto kaja. Kaweka kiti chake kando ya changu. Sasa Bibi wa Kona anainuka, anasema kwake jikoni pamejaa, anataka nafasi. Kaketi mbele yetu. Na nyuma yangu nasikia kikohozi. Kile kile. Kiti kinaburutwa, taratibu.

Mvua imefunguka sasa, mtu hasikii mwenzake. Redio anabishana na mumewe kwa mikono, keshashika kiti. Mjumbe ameweka kikombe chini, amesimama, anatazama utepe wa bluu juu ya kichwa changu, na begi lake kalikumbatia, anakuja upande huu. Binti kaachia ngazi, anakuja naye.

Sitazami juu. Natazama karatasi. Mpaka hapa wino haujasambaa. Mpaka hapa karatasi ni kavu, na mvua inaongeza —